Fowili ya barabara za Tanga: Escudo kwanza, Jimny ya pili, Prado ya tatu

Masika yakikaribia, simu zinaanza. "Kaka, nichukue Jimny au nijikaze nifike kwenye Prado?" Zamani swali lilikuwa Prado au RAV4. Jimny mpya, ile ya umbo la boksi iliyoingia sokoni Julai 2018, ndiyo iliyovuruga hesabu za watu. Zimeanza kuonekana Raskazone na Chumbageni, na kila aliye nayo anaisifu mpaka unajiona umechelewa.

Sifa hizo nazisikiliza kwa sikio moja. Mtu akinunua gari la porini, wiki za mwanzo hulitafutia matope makusudi. Atalipandisha Amani, atalishusha Ushongo kwenye mchanga, atalipiga picha likiwa limechafuka hadi kwenye vioo. Anayoyasema wakati huo ni kweli tupu, ila bado hajaenda nalo Dar na kurudi akiwa na watu wanne na mizigo, hajanunua tairi, wala hajaagiza spea hata moja. Kwa hiyo wenye magari haya nimewauliza mambo mawili: ulilipendea nini mwezi wa kwanza, na mwenzio nyumbani analalamikia nini sasa? Jibu la pili ndilo lililopanga orodha hii.

Ninayemwandikia ni mtu mwenye gari moja tu. Wiki nzima linakwenda kazini na kupeleka watoto shule, Jumamosi linapanda Lushoto au linakwenda shamba Muheza, na mara mojamoja linashuka Dar. Kama una magari mawili, ruka moja kwa moja kwenye Jimny, furahi na maisha yako.

Tope letu lina aina zake

Kabla ya kutaja majina ya magari, tazama unakokwenda. Mombo hadi Lushoto ni lami, kilomita kama 33, kona juu ya kona, na malori ya kabichi na viazi yakiteremka katikati ya barabara kana kwamba nyinyi wengine hamjalipa kodi. Hapo fowili, yaani gari kuvuta kwa magurudumu yote manne, haina kazi. Unataka breki na injini isiyohema. Shida inaanza ukiiacha lami, kwenda Mtae, Mlalo, au vijiji vya juu ya Bumbuli. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unateleza hata kwa anayetembea kwa miguu, na upande mmoja kuna bonde. Amani nako ni hivyohivyo, tena msitu unazuia jua, barabara inachelewa kukauka. Huko unahitaji tairi zenye meno na gia nzito ya kuteremkia, kwa sababu breki peke yake ndiyo inayowapeleka watu mtaroni.

Pwani ni hadithi nyingine. Kigombe na Ushongo ni mchanga, na kwenye mchanga adui ni uzito. Ukipita Pangani kuelekea Mkwaja na Saadani unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao unajaza meno ya tairi mpaka tairi linabaki duara laini lisiloshika kitu. Hapo hata gari la mamilioni mengi linangoja trekta. Lami ya Tanga–Pangani–Bagamoyo, mradi wa kilomita 256, itaondoa sehemu kubwa ya mateso hayo, lakini njia za kuingilia mashambani na kwenye nyumba za wageni ziko palepale. Handeni na Kilindi ni vumbi, mawe na masafa. Kule kinachokufa ni shokapu na bushi.

Halafu kuna chumvi. Hii haikwamishi gari, inalila taratibu ukiwa umelala. Nitarudi kwake mwishoni kwa sababu ndiyo inayofanya gari lililong'aa kwenye picha liwe hasara.

1. Suzuki Escudo, ile ya 2005 hadi 2017

Najua kuna watakaocheka. Escudo haina heshima ya Prado. Mlinzi wa geti hakimbii kukufungulia. Lakini kizazi hiki cha tatu kina mambo ambayo RAV4 na X-Trail za rika lake hazina. Inavuta magurudumu yote manne muda wote, difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) inafungwa ukitaka, na ina 4L, yaani ile gia nzito ya kupandia na kushukia. Chasisi yake imeunganishwa ndani ya bodi, uvungu uko milimita 200 juu ya ardhi, na kila gurudumu lina springi yake linalojitegemea. Matokeo yake, kwenye lami ya Segera inakaa kama gari la mjini, na ukifika kwenye utelezi unazungusha kitufe kwenye dashibodi, basi.

Mwalimu mmoja anayefundisha kule juu ya Bumbuli aliihamia akitokea kwenye RAV4. Jambo la kwanza alilolitaja halikuwa kupanda, lilikuwa kushuka. Asubuhi ya mvua anasimama juu ya mteremko, anaingiza 4L, anaweka gia ya kwanza, anatoa mguu kwenye breki, na gari linajishusha lenyewe polepole huku injini ikilizuia. "Zamani nilikuwa nashuka kwa dua," aliniambia. Mkewe analalamikia mafuta. Ya injini ya 2.4 inatembea kilomita 9 au 10 kwa lita safarini, mjini inashuka chini ya hapo. Ya 2.0 inabana kidogo, ila ukiipakia watu watano na magunia mawili, kupanda Soni utakuwa unabadilisha gia njia nzima. Kwa mtu wa milimani nasema chukua 2.4, iliyoanza 2008. Kwa mtu wa Tanga mjini na Pangani, 2.0 inatosha na kodi yake ni nafuu, kama tutakavyoona.

Sasa sikiliza mtego. Mwaka 2015 Suzuki walianza kuuza Japani gari jingine jipya kwa jina hilohilo la Escudo, linalotengenezwa Hungary. Ni zuri, jipya, linabana mafuta, lakini ni gari la mjini lililovaa buti: halina 4L. Na ile ya zamani iliendelea kuuzwa sambamba nalo kwa jina la Escudo 2.4 mpaka 2017. Kwa hiyo mwaka peke yake hautoshi. Ukiletewa Escudo ya 2016, omba picha ya dashibodi uone kitufe chenye 4H, 4H Lock na 4L Lock. Kisipokuwepo, unanunua kitu kingine.

Kasoro zake zinajulikana. Ukiwasha asubuhi injini ikiwa ya baridi ukasikia cheni inacharaza kwa sekunde kadhaa, cheni au tensheni yake imechoka, na kazi hiyo si ya siku moja. Angalia oili kila unapojaza mafuta, kwa sababu zilizotembea sana zinaila. Linki za staba na bushi za mbele zitakwisha. Ni vitu vidogo, fundi wa Ngamiani anavibadilisha ukinywa kahawa.

2. Suzuki Jimny, ya 2018 kuja huku

Hii ndiyo inayoulizwa zaidi, na ndiyo yenye maneno mengi ya wamiliki wapya, kwa hiyo tukae nayo.

Kwanza sifa, maana inazistahili. Chini yake kuna chasisi kamili ya ngazi, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za koili, na uvungu wa milimita 210. Uzito wake ni kama tani moja na kilo mia tu. Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni njia ya Ushongo anasema mwezi wa kwanza aliwavuta wageni wawili waliokwama mchangani na magari makubwa kuliko lake, na anasimulia kwa raha isiyofichika. Hakuna muujiza: gari jepesi halizami. Pua yake ni fupi, inakabili kilima cha nyuzi 37 bila bampa kugusa, na nyuma nyuzi 49. Inageuka kwenye eneo dogo mno, nusu kipenyo cha mita 4.9, na aliyewahi kukutana na lori kwenye njia ya Mlalo anajua thamani ya hilo. Gurudumu moja likining'inia na kuzunguka bure, kompyuta inalishika breki na kupeleka nguvu kwa jingine. Inaunguruma kidogo, inatikisika, kisha inatoka.

Wengi wanapenda pia ule mkono wa gia ya fowili. Kizazi kilichotangulia kiliishia kwenye vitufe. Hiki kimerudisha mkono wa chuma unaousukuma mwenyewe. Na hapa ndipo wamiliki wapya wanapojiumiza. Jimny haina difu ya kati. Ukiwa 4H, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, ekseli ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, na kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo inaishia kwenye kuteleza. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, inabaki kwenye mifupa ya gari: stelingi inakuwa nzito, gari linaruka-ruka ukikata kona, na mkono wa gia unagoma kutoka. Kuna kijana alipanda nayo kutoka Mombo hadi Lushoto ikiwa 4H "kwa usalama", siku ya jua kali. Usifanye hivyo. Lami kavu ni 2H, yaani magurudumu mawili tu yanavuta. Kuingia 4H unaweza ukiwa unatembea, mradi hujafika kilomita 100 kwa saa na magurudumu yamenyooka. Kuingia 4L lazima usimame.

Sasa malalamiko. La kwanza ni safari ndefu. Otomatiki yake ina gia nne tu, na ukifika kilomita 100 kwa saa injini inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Injini ni 1.5, nguvu farasi 102 hivi. Kupita lori la mchanga kabla ya Segera kunahitaji mpango na moyo. Upepo wa pembeni unaisukuma, na basi la Arusha likikupita utalisikia mikononi. Ya gia za mkono ina gia tano na inachangamka zaidi. Kama mguu wako wa kushoto bado una afya, ichukue hiyo.

La pili ni stelingi. Ni ya boksi la kizamani, si kama ya magari ya mjini. Unaizungusha zaidi, na ukitoka kwenye kona hairudi katikati haraka, inabidi uirudishe mwenyewe. Si ubovu. Ineos Grenadier, gari ghali la Kiingereza linalotengenezwa Hambach, Ufaransa, kwa injini za BMW, lina stelingi ya mtindo huohuo, na wanunuzi wake wa mwanzo walilalamikia jambo hilohilo. Ekseli ngumu na stelingi ya boksi vinakufaa kwenye mawe, vinakudai kwenye lami. Wiki chache mikono inazoea. Lakini kama ukipita tuta kwenye mwendo wa 60 au 70 stelingi inaanza kutetemeka kwa nguvu na haitulii mpaka upunguze mwendo, hiyo si tabia, ni ugonjwa. Anza na balansi ya magurudumu, kisha bushi za mikono ya ekseli na bearingi za kingpini. Fundi anayekimbilia kukufungia shokapu kubwa ya stelingi anakufichia tu.

La tatu ni mizigo. Viti vikiwa vimesimama, nyuma kuna nafasi ya lita 85. Hiyo ni begi moja la shule na mfuko wa unga, na mlango ufungwe kwa upole. Viti ni vinne, si vitano, na watu wazima wa nyuma wakifika Chalinze watakuwa wamenyamaza. Tangi ni lita 40; kwa kilomita 12 hadi 14 kwa lita unafika Dar bila wasiwasi. Na lijulikane pia kwamba kwenye majaribio ya usalama wa ajali ya Euro NCAP ya 2018 ilipata nyota 3 kati ya 5.

Ukiagiza kutoka Japani, tenganisha mbili zinazofanana. JB74W ni Sierra, injini ya 1.5, ina vikinga tairi vyeusi vipana vilivyotokeza. JB64W ni nyembamba, injini ya sisi 658 yenye tabo. Ile ndogo inachekesha watu mjini na ushuru wake unavutia, ila kwa safari zetu na milima yetu nakushauri usiiguse.

Kuna ya milango mitano, inayotengenezwa Gurugram, India, tangu 2023. Imeongezwa sentimita 34 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na nafasi ya mizigo inazidi lita 200. Ilipotangazwa Japani Januari 2025 kwa jina la Nomade, oda kama 50,000 ziliingia ndani ya siku chache hata Suzuki wakasimamisha kupokea nyingine. Hiyo ndiyo ingekuwa namba moja yangu kama bei zake zingekuwa za kibinadamu. Watu waliishia kuuza foleni, siyo gari.

Hukumu yangu: kama mko wawili, au mna mtoto mmoja, na njia yenu mbaya ni ya kila wiki, Jimny ipite juu ya Escudo. Mkizidi hapo, Escudo.

3. Toyota Prado, ya 120 na ya 150

Prado haihitaji wakili. Ya 120 ilitoka 2002, ya 150 ikaifuata 2009 na kudumu zaidi ya miaka kumi. Fowili muda wote, difu ya kati inafungwa, 4L ipo, viti safu tatu, na kila gereji kuanzia Horohoro hadi Chalinze ina mtu aliyeifungua. Kwa familia kubwa inayokwenda Dar kila mwezi, kiti cha nyuma cha Prado hakina mpinzani kwenye orodha hii, na mama mkwe akipanda hasemi neno.

Iko ya tatu kwa sababu ya uzito na gharama. Ni tani mbili karibu. Kwenye mchanga wa Ushongo usiposhusha upepo wa tairi inachimba kaburi lake, na kwenye njia nyembamba za Usambara unaendesha ukihesabu sentimita. Nyingi zinazotoka Japani ni petroli ya 2.7, injini ngumu lakini yenye kazi kubwa ya kulivuta gari hilo. Tarajia kilomita 7 hadi 9 kwa lita. Dizeli ya 3.0, ile 1KD, inavuta vizuri, ila nozeli zake hazipendi dizeli chafu, na nozeli nne mpya ni bei ya pikipiki. Za daraja la juu zina mifuko ya upepo nyuma badala ya springi. Ikipasuka, gari linakaa matakoni. Mafundi wengi wanaing'oa na kufunga springi za kawaida, na mimi siwalaumu.

4. Toyota Hilux ya kabini mbili

Kama shamba ndilo linalolisha gari, basi Hilux inapanda hadi namba moja na mjadala unaishia hapo. Inabeba, haichagui njia, na siku ya kuiuza hutangazi, wanakuja wenyewe. Wamiliki wapya wanaotoka kwenye magari madogo ya saluni hushangazwa na kitu kimoja: nyuma kuna springi za majani, na gari likiwa tupu linarukaruka mpaka chai inamwagika. Weka mifuko miwili mitatu ya kitu kizito nyuma linatulia. Fowili yake ni ya kuingiza na kutoa kama Jimny, kwa hiyo yale ya lami kavu yanaihusu pia. Tope likiwa jingi na nyuma hakuna mzigo, matako yake yanakuwa mepesi na yanaanza kukupita. Fikiria watoto na mvua pia. Mizigo ya nyuma inataka turubai.

5. Land Cruiser 70, mkonga

Ilianza 1984 na bado inatengenezwa, jambo linaloeleza kila kitu. Injini ya 1HZ, dizeli ya 4.2 ya silinda sita, haina kompyuta ya kukugomea katikati ya Kilindi saa tatu usiku. Mashirika, hospitali za misheni na watalii wa Saadani hawajakosea.

Lakini kwa gari la kwenda nalo ofisini na sokoni? Wengi wanaoinunua kwa mapenzi wananiambia hivihivi: wiki ya kwanza ni ufalme, mwezi wa pili mgongo. Haina haraka, ina kelele, kuiegesha Barabara ya 12 siku ya soko ni kazi ya watu wawili, na bei yake haishuki hata ikiwa imechoka, kwa hiyo unalipa hela ya gari zuri kwa gari lililopigwa. Inunue kama itakuingizia fedha.

6. RAV4 na X-Trail

Nimeziweka chini, siyo kwamba ni mbaya. Kwa anayekaa Sahare au Mikanjuni, anafanya kazi mjini, na barabara yake mbaya kuliko zote ni mita mia tano za mtaani, RAV4 ya kizazi cha tatu au X-Trail itamfaa kuliko yote niliyoyataja juu, na salio la pesa anajenga ukuta. Ila hakuna 4L, uvungu ni wa wastani, na fowili yake ni ya kukusaidia kutoka, si ya kukutegemeza siku nzima. Ukiipeleka Mtae masika, itakwenda mara kadhaa. Kisha klachi ya kuunganishia magurudumu ya nyuma itapata joto, itajizima kujilinda, na utabaki na gari la magurudumu mawili mahali ulipolihitaji la manne.

7. Land Rover Defender ya zamani

Ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Ya injini ya dizeli ya 300Tdi ndiyo ya kununua, haina umeme wa kukusumbua. Inafika popote, inavuja oili popote, na mwenye nayo hataki kusikia neno. Usiinunue kama huna fundi wake jirani. Defender mpya inayotengenezwa Slovakia ni gari jingine kabisa, lenye bodi ya alumini na kompyuta kila kona. Ni raha tupu kuiendesha, lakini likiwaka taa ya onyo ukiwa Tanga, safari ya Dar ni juu ya lori. Grenadier nayo, kwa bei yake, naiacha kwa wenye nazo.

Kabla hujalipa

Ushuru unaweza kuugeuza mpangilio wote huu. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18, na katikati yake kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini ya sisi 1,001 hadi 2,000, asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Ndiyo maana Escudo ya 2.0 na Jimny Sierra zinapumua kuliko Escudo ya 2.4 na Prado. Halafu umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, lililozidi miaka 10 asilimia 30. Pikapu hesabu yake ni tofauti. Kikokotoo cha TRA kiko wazi mtandaoni. Weka aina, mwaka na injini kabla hujatuma senti Japani. Watu wengi huona bei ya gari kwenye picha, wanasahau kwamba bandarini kuna bei ya pili. Ukikuta la hapahapa, lenye namba ya usajili ya herufi E na lililotunzwa, mara nyingi ni nafuu kuliko kuagiza la umri huohuo.

Sasa kutu. Mengi ya magari haya yana chasisi, na chasisi huoza kuanzia ndani. Yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani yameshakula chumvi inayomwagwa barabarani kule, kisha yanakuja kukaa Tanga karibu na bahari. Rangi ya juu haikuambii kitu. Lipandishe kwenye shimo la gereji, chukua nyundo ndogo, gonga chasisi taratibu: nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwenye maungio ya springi, na juu ya tangi ambako maji hutuama. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu na unga mwekundu unadondoka. Ukikuta uvungu umepakwa rangi nyeusi mbichi inayong'aa, shuku zaidi, usishuku pungufu. Baada ya kununua, kila ukitoka ufukweni osha uvungu kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, na usiendeshe pale mawimbi yanapofika, hata kama picha itakuwa nzuri.

Spea nyingi utaagiza Dar, zinakuja na basi jioni unazichukua stendi ya Kange. Kwa Toyota hilo ni jambo la kesho. Kwa Jimny mpya uliza kwanza bei ya brekipedi, shokapu na kioo cha mbele, na uliza tairi za saizi 195/80R15 zinapatikana wapi, kwa sababu za kiwandani ni za lami kuliko tope na utataka kuzibadilisha mapema. Nunua pia kipima upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Mchangani shusha hadi karibu PSI 18, ukirudi kwenye lami jaza tena kabla ya kukimbia.

Jaribio la kuendesha lisiishie kuzunguka Raskazone. Omba mteremko wa udongo, hata mfupi wa Amboni. Ingiza 4H, itoe. Simama, ingiza 4L, usikilize kama inaingia bila kusaga, kisha shuka bila breki. Magari mengi yaliyokaa mjini Japani hayajawahi kuingizwa 4L tangu yazaliwe, na mkono au mota yake imeganda. Muuzaji akikuambia "hiyo huwa haitumiki", mjibu kwamba ndiyo uliyoifuata, na punguzo lianzie hapo.

Likishakuwa lako, mwaga mafuta ya difu ya mbele, ya difu ya nyuma na ya boksi la fowili, weka mapya kabla ya safari ya kwanza ya mlimani. Wauzaji hubadilisha oili ya injini tu kwa sababu ndiyo inayochunguliwa na mnunuzi. Yale ya difu yakitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Badilisha sili za ekseli kabisa, siyo mafuta peke yake.